Mdomo wa Mpulizaji

Kofi lenyewe Sefania hakuliona, alilisikia. Masikio yake yamemlisha tangu ujana, kwa hiyo hayakuhitaji kuuliza: halikutua begani wala mgongoni. Lilitua mdomoni.

Walikuwa kwenye mazoezi ya matarumbeta ya usharika, Jumamosi mchana, katika banda la mabati nyuma ya kanisa, Mlalo. Esteria, binti yake, alikuwa amemletea chakula. Mpigaji wa sauti ya pili siku hiyo hakuja, na Sefania, ambaye hajawahi kuvumilia wimbo wenye pengo, akavua saksafoni yake shingoni akampa binti. "Shika, mama. Nisaidie mstari huu mmoja tu." Esteria akacheka, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akapuliza. Tangu aolewe hakuwa ameigusa, na bado sauti ikatoka nene, tamu, yenye ule ukorofi kidogo wa dansi ambao mchungaji huwa anausamehe kwa kufumba macho.

Jofrey, mumewe, alikuwa kiti cha nyuma kabisa na besi yake kubwa. Akailaza chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Samahani, mwalimu. Naomba nizungumze na mke wangu kidogo." Wakatoka. Ndipo kofi. Halafu la pili. Halafu kitu kizito kikagonga bati la ukuta, na banda zima likalia.

Ndani hakuna aliyemtazama mwenzake. Alen, wa trompeti ya kwanza, akainamisha chombo chake atoe mate. Jirani yake naye akakumbuka kwamba ana mate. Muda si mrefu bendi nzima ilikuwa imeinama inatoa mate, kwa bidii ambayo Sefania hajawahi kuiona kwenye mazoezi ya kawaida. Sakafu ikalowa.

"Tuendelee," Sefania alisema, na aliisikia sauti yake kama ya mtu mwingine. "Kuanzia pale besi inapopumzika."

Wakiwa katikati ya ubeti, Jofrey akarudi peke yake. Akakaa, akabeba besi, akahesabu vipumziko vyake kwa kidole gumba cha mguu ndani ya ndala, akaingia pale pale panapotakiwa. Hakuwahi, hakuchelewa.

Na hilo ndilo lililomponza Sefania. Yeye amepiga saksafoni Tanga, amepiga na bendi za dansi Dar es Salaam, amepiga jazi kwenye mahoteli ambako wateja walitafuna kuku wamempa mgongo. Hata sasa, Jumapili jioni, anateremka Irente kuwapigia wageni wanaokula jibini na kulalamikia miguu. Amepanga sauti za nyimbo ambazo kwaya za milima hii zinaimba bila kujua nani alizipanga. Baada ya yote hayo alibaki na imani moja tu kuhusu binadamu: anayeweza kusubiri zamu yake kwenye wimbo, huyo ni mtu mwema. Na katika wote aliowafundisha, hakuna aliyejua kusubiri kama Jofrey, dereva wa fuso la kabichi. Kijana alipokuja kuchumbia, Raheli, mke wa Sefania, aliuliza habari za ukoo, za shamba, za pombe. Sefania hakuuliza kitu. Alisema, "Ana pumzi, na anajua kuhesabu."

*

Alipofika nyumbani alimkuta Esteria jikoni, amekaa kwenye kigoda, mama yake anamkanda mdomo kwa kitambaa na maji ya chumvi.

"Karibu, mwenye bendi," Raheli alisema bila kugeuka. "Mazoezi yamekwenda vizuri?"

"Mama Esteria…"

"Nauliza tu. Nimesikia mliendelea."

Mlalo umbea hausubiri gari. Sefania akachuchumaa, akamshika binti kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango. Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka katikati. Pembeni ya mpasuko huo palikuwa na kovu lililopona, na juu ya hilo kovu jingine, dogo, jeupe.

"Huwa anakupiga wapi?"

"Baba, si unaona."

"Leo naona. Nauliza siku zote."

"Hapo."

"Mgongoni?"

"Hajawahi."

"Jichoni?"

"Hapo tu, baba. Anasema ndipo maringo yangu yanapokaa."

Sefania akaachia kidevu. Kila mwanafunzi mpya akija, siku ya kwanza kabisa, kabla hajamgusisha chombo, alikuwa akimshika kidevu hivyo hivyo na kumwambia: mtaji wa mpulizaji ni mdomo. Mkono ukivunjika utaunga, mdomo ukiharibika katafute kazi nyingine. Jofrey alikuwa mwanafunzi mzuri. Hakusahau kitu.

"Amekimbilia hapa mara mbili," Raheli alisema. "Mara zote mbili mzee Fanueli kaja na Biblia yake, kaja na yule Clemence, baba mdogo wa Jofrey, wakanywa chai yangu wakamrudisha. Na wewe ukawasindikiza mpaka barabarani."

"Nilikuwa natafuta amani."

"Umeipata? Maana mimi hapa ndani sijaiona. Labda umeiweka kwenye sanduku la saksafoni."

Esteria akacheka. Mdomo ukapasuka upya, damu ikateremka mpaka kidevuni, naye akawa anacheka huku analia, mama yake anamfokea aache kucheka, na yeye mwenyewe Raheli mabega yanamtikisika.

"Harudi," Sefania alisema.

Raheli akageuka sasa. "Sema tena. Nimezoea kukusikia ukipuliza, maneno sijazoea."

"Nimesema harudi."

*

Walikuja Jumatatu baada ya chakula cha mchana. Jofrey alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. "Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba," Raheli aliitikia, kwa sababu shikamoo haikataliwi, lakini aliitoa kama anatema mbegu ya peasi.

Mzee Fanueli, mzee wa kanisa, aliweka kofia yake mezani, juu ya kofia akaweka miwani, akakohoa. "Ndugu zangu. Kijana amekosa, na amekiri. Amekuja kwa miguu yake, hakuburutwa na mtu."

"Yeye ndiye huburuta wenzake," Raheli alisema.

"Mama Esteria, tuongee kiutu uzima."

Clemence akasogeza kiti. "Mgosi Sefania, wewe ni mtu wa dunia, umekaa mijini. Lakini mwanamke wa mtu kupulizapuliza mbele ya wanaume, mdomo kaubinua hivi…" Akaubinua wa kwake kuonyesha. Alifanana na mbuzi anayekataa majani, na siku nyingine Sefania angecheka mpaka akae chini.

"Saksafoni nilimpa mimi."

"Basi hata wewe umechangia," mzee Fanueli alisema, na uso ukamng'aa kwa furaha ya kupata kosa la kugawana.

"Baba, mimi nampenda," Jofrey alisema. Aliongea taratibu, mikono juu ya magoti. "Ila zile picha za zamani, akipigia wageni Irente, bado ziko kwenye simu za watu. Nikishusha kabichi Mombo, wapagazi wananionyesha: huyu si mkeo? Wanacheka. Na nyumbani hana hata mimba. Pumzi zote zimeishia kwenye bati la baba yake."

Esteria alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kanga ameishikilia mdomoni.

"Binti, unasemaje?" mzee Fanueli akamuuliza.

"Sirudi, mzee."

"Hiyo ni hasira inaongea."

"Basi hasira imesema sirudi."

Wote wakamgeukia Sefania. Ndivyo walivyofanya zile mara mbili zilizopita: walimsubiri akohoe, atafute neno la kulainisha, aufunge mkutano kwa upole kama anavyofunga wimbo, kila mtu aondoke ameridhika isipokuwa yule mmoja. Sefania akakohoa kweli.

"Harudi," alisema. "Malizeni chai. Siku nyingine mkija kwa mengine, karibuni sana."

Macho ya Jofrey yalikuwa sakafuni, na Sefania akaona kile kidole gumba kikicheza, kikihesabu. Akajua. Alijua kabisa ni lini ataingia, na bado hakuwahi kuinua mkono.

Ngumi ilikuja moja kwa moja mdomoni. Sefania alisikia meno kabla ya kusikia maumivu, sauti kavu, ndogo, kama mwanzi wa saksafoni unapopasuka. Akaanguka na kiti. Jofrey akaokota kigoda akamshindilia nacho pale pale, mara moja, halafu akaongeza, kwa utulivu wa mtu anayepigilia msumari. Chai ikamwagika, vikombe vikapasuka, mzee Fanueli akawa chini ya meza anapapasa. "Jamani, kofia yangu. Jamani!" Clemence alikuwa ameshafika mlangoni. Alisema anakwenda kuita msaada, akateremka kwa mbio upande wa nyumbani kwake.

Raheli alitoka jikoni na mchi wa kinu, akamtandika Jofrey shingoni. Mtu mwingine angelala pale. Jofrey aliyumba, akageuka, akampiga mama mkwe wake teke la tumbo, Raheli akakunjika juu ya vipande vya vikombe. Esteria akamrukia mgongoni akamng'ata sikio. Hilo likamuudhi kuliko mchi. Alizungusha mkono nyuma, akamshika nywele zilizosukwa, akazizungushia ngumini kama kamba ya kufungia mzigo, akatoka naye nje anamvuta.

*

Nyumba ya Sefania iko juu mgongoni mwa kilima, na chini yake mashamba yanashuka ngazi kwa ngazi mpaka barabarani, ambako fuso lilikuwa limeegeshwa. Sefania alitambaa mpaka uani. Aliwaona kwenye ngazi ya viazi. Kila Esteria aliposhika kitu, mche, jiwe, udongo, Jofrey alisimama, akamgeuza uso, akampiga mdomoni, kisha akaendelea kuvuta. Mayowe yake yalivuka bonde yakarudi.

Upande wa pili wanawake waliokuwa wanapalilia maharage waliinuka. Wakaweka viganja juu ya macho, wakaangalia, wakatambua ni nani na nani, wakainama tena. Mwanamume mmoja juu ya paa lake alitazama kidogo, akarudi kwenye misumari yake.

"Njooni!" Raheli alilia kutoka mlangoni, tumbo amelishika. "Jamani watu, njooni! Anamuua!"

Hakuna aliyekuja. Ilikuwa ya mke na mume, na ya mke na mume huwa haina wageni.

Kuna sauti moja tu ambayo watu wa bonde lile huijia bila kuuliza. Mtu akifa, mpulizaji aliye karibu husimama uani kwa marehemu akapuliza mstari wa kwanza wa wimbo wa kuzikia, polepole, mara tatu. Mwenye chombo aliye ng'ambo akiusikia, huupokea na kuupeleka mbele, ili kilima cha tatu nacho kijue. Watu huacha majembe yamesimama shambani. Na mstari huo haupulizwi bila maiti. Hata mazoezini Sefania mwenyewe alikuwa akiwaanzishia ubeti kwenye mstari wa pili, na aliyekosea alitolewa nje.

Akaingia ndani, akatoka na saksafoni.

Meno ya juu ndiyo hukaa juu ya mdomo wa saksafoni, nayo hayakuwepo. Akaubana kwa ufizi mtupu. Maumivu yalimpigisha magoti, akapulizia hapo hapo chini. Kwanza ilitoka kelele ya nguruwe. Damu ikaingia ndani ya chombo, ikabubujika. Akatema, akabana tena, na mstari ukatoka: umepinda, una kwikwi, mbaya kuliko wa mwanafunzi wa siku ya kwanza, lakini hakuna mtu wa Mlalo asiyeujua. Akaupuliza mara ya pili. Mara ya tatu hakumaliza.

Bonde likanyamaza. Kisha, kutoka kilima cha ng'ambo, trompeti ya Alen ikaupokea, safi, polepole. Tromboni ikaitikia chini kule sokoni. Halafu nyingine, mbali, upande ambao ukungu ulikuwa haujaondoka.

Kwenye ngazi ya viazi Jofrey alisimama. Alikuwa ameupiga mstari huo makaburini mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Aliangalia juu, akaangalia ng'ambo. Ngumi iliyokuwa imeinuliwa ilibaki hewani, kama mtu aliyepotea kwenye hesabu.

*

Wa kwanza kufika alikuwa Vumilia, mjane wa ng'ambo ya mto, mzigo wa kuni kichwani, maana msibani hakuendwi mikono mitupu. Nyuma yake wanawake na maharage, maboga, sufuria. Wanaume walikuja na machepe ya kuchimbia kaburi. Njia yao ilipita pale pale kwenye viazi, na pale wakamkuta Jofrey ameshika nywele, na Esteria amepiga magoti, uso wote damu.

"Nani amekufa?" Vumilia aliuliza.

Mzee Fanueli alikuwa anateremka, kofia ameipata. "Hakuna aliyekufa! Sefania amewadanganya! Amepuliza kifo bila maiti!"

Watu wakaguna. Sefania alifika nyuma yake, Raheli amemshika kwapa, saksafoni inaning'inia. Alitaka kueleza. Kinywani mwake mlitoka damu na mlio wa bubu.

"Hiyo ni laana," mtu mmoja alisema.

"Kumbe ni ya mke na mume," mwingine akasema, akaliweka chepe lake begani. Wanaume wakaanza kugeuka, mmoja, wawili, kama watu walioitwa karamuni wakakuta sufuria tupu.

Jofrey akacheka. "Rudini mkalime, wagosi. Mimi naenda kwangu na mke wangu."

"Mama Vumilia," Esteria alisema. Maneno yalimtoka yamevimba. "Nimelia tangu kule juu. Ulinisikia?"

"Nilikusikia, mwanangu."

"Na hukuja."

"Sikuja."

"Ila tarumbeta umeijia."

Vumilia alisimama na mzigo wake kichwani, akamtazama binti, akamtazama Sefania na lile tundu la mdomo, akatazama wanaume wanaoondoka. Kisha akautupa ule mzigo chini, kuni zikatawanyika njiani.

"Mimi nimekuja msibani," alisema. "Sirudi na kuni zangu."

Akavua kilemba, akakaa pale pale kwenye udongo, mbele ya Esteria, akanyoosha miguu. Mwanamke wa nyuma yake akatua boga, akakaa. Wakaendelea kukaa, mmoja mmoja, bila kuambiana, wakamzunguka Esteria kama wanavyomzunguka mfiwa, miguu imenyooka kuziba njia upande huu na huu. Raheli akamwachia mumewe, akaja akakaa nao. Na miguu ya wanawake wa msiba hairukwi. Hata mlevi wa Mlalo huzunguka kwa mbali.

"Ondokeni," Jofrey alisema.

"Tumekaa msibani, mwanangu."

"Hakuna aliyekufa!"

"Tunasubiri," Vumilia alisema.

Jofrey akavuta nywele, akainua mguu, akaruka miguu ya Vumilia.

Hakutua upande wa pili. Kuni ya kwanza ilimkuta kwenye goti, na Sefania, ambaye masikio yalikuwa bado mazima, alisikia goti likijibu. Ya pili ikamkuta kwenye mkono ulioshika nywele, vidole vikafunguka. Walimpiga wakiwa kimya, wanahema tu, kama watu wanaopukuchua mahindi. Mgongo, viwiko, vifundo vya miguu. Alipojaribu kuinuka walimrudisha chini, alipojaribu kutambaa walimpiga viganja. Sikio lililong'atwa lilipata la pili. Akaita jina la mama yake, akaita mwalimu, mwalimu, na mwalimu alikuwa amekaa kwenye matuta ya viazi anatema damu na hakumwombea. Mwanamke mmoja kijana akaja mbele, akashika gogo kwa mikono miwili, akalenga mdomo.

"Mdomo muache!" Esteria alipiga kelele. "Polisi watamuuliza. Nataka ajibu."

Gogo likasimama hewani, likashuka kwenye bega.

Alen alikuwa amefika, trompeti kwapani. Alimtazama Esteria mara moja, akaangalia chini, na safari hii hakutafuta mate. Aliokota kamba ya kuni, akamfunga Jofrey mikono kwa nyuma, akakaza mpaka kamba ikalia. Wanaume waliokuwa wameondoka walikuwa wamerudi nusu njia. Walisimama na machepe yao, hawajui wayaweke wapi.

*

Gari la polisi lilipokuja kumchukua Jofrey, wanawake hawakuinuka. Walikuwa wameshawasha moto kati ya mawe, pale pale shambani, na maharage yalikuwa yanachemka. Mtu alikuwa amekwenda kutafuta usafiri wa kumpeleka Sefania hospitali Lushoto. Wakati wakisubiri, alilala kichwa kwenye mapaja ya Raheli.

"Umepuliza vibaya, mume wangu," Raheli alimwambia, anamfuta. "Tangu unioe sijawahi kusikia kitu kibaya vile."

Sefania akatikisa kichwa kukubali. Alijua pia kwamba ndiyo ya mwisho. Hakuhitaji daktari amwambie. Alipitisha ulimi palipokuwa na meno, taratibu, akaurudisha. Alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa bado inajua kila kitu.

Mzee Fanueli alikuwa anazunguka nje ya duara la wanawake, anatafuta mahali pa kupita. Hakupata. Yeye ndiye anayesoma matangazo ya vifo kanisani, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye taabu ya kweli.

"Esteria," alisema hatimaye. "Binti yangu. Kifo kimepulizwa bonde zima. Kimeshavuka vilima. Watu watapanda hata kutoka Mazinde waje wazike. Jumapili nitatangaza nini mimi?"

Esteria alikunywa maji kwenye kikombe cha Vumilia, kwa upande wa mdomo uliokuwa mzima.

"Sema Esteria wa Sefania hajafa."

"Basi?"

"Na yuko kwao."

Mzee Fanueli akachezesha midomo bila sauti, akijaribu kuona maneno hayo yatakaaje kinywani akiwa amesimama pale mbele. Alijaribu tena. Vumilia akanyoosha mkono, akamkabidhi ndoo.

"Kateke maji kwanza, mzee," alisema. "Wafiwa hawajala."